Mempool.js: ugumu wa bitcoin naujua kabla haujabadilika

Binamu yangu ana mashine sita za kuchimba bitcoin huko Murang'a, ndani ya kibanda cha mabati kando ya mtambo mdogo wa maji. Stima anamlipa mwenye mtambo. Kila wiki mbili hivi alikuwa ananipigia simu na swali lilelile: ugumu, yaani kipimo cha jinsi ilivyo kazi kwa mashine kuchimba bitcoin, unapanda au unashuka? Ukipanda sana, zile mashine mbili kuukuu zinakula stima kuliko zinavyoingiza, na ni heri azizime.

Mwanzoni nilimtengenezea skrini kwa maktaba ya programu (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kikundi kimoja cha wachimbaji wanaounganisha nguvu za mashine zao. Majina ya data yakabadilishwa bila taarifa, skrini ikabaki tupu siku nzima. Nikahamia mempool.js, maktaba ya JavaScript inayosoma data ya mtandao wa bitcoin, na sijajuta.

Kuisakinisha ni amri moja ya npm, kisakinishi cha maktaba za JavaScript. Haidai usajili wala ufunguo wa siri. Unaipa anwani ya mempool.space, tovuti inayotoa data hiyo, unaita getDifficultyAdjustment, na yote yanarudi kwa pamoja: bloku (mafungu ya miamala) zilizobaki kabla ya bloku 2016 kutimia, maana ndipo ugumu hubadilishwa, tarehe inayokadiriwa, na asilimia ambayo ugumu unaelekea kubadilika.

Kuwa makini na muda tu. Usiku wa kwanza remainingTime, yaani muda uliobaki, ilisoma 462310000. Nikadhani ni sekunde, nikagawanya, nikapata zaidi ya siku 5,000! Kumbe ni milisekunde: siku tano na saa nane hivi. Pembeni yake remainingBlocks, yaani bloku zilizobaki, ilisema 771. Zidisha kwa dakika kumi za kila bloku, unafika palepale. Hapo ndipo nilipoiamini.

Seva ya mempool.space ni ya umma na ina kikomo cha maombi, kwa hiyo usiigonge kila sekunde. Mimi nauliza kila dakika kumi, na inatosha kabisa. Mwenye nodi yake (kompyuta inayotunza nakala ya mtandao wa bitcoin) anaweza kuendesha Mempool, programu ya tovuti hiyo, kwenye seva yake mwenyewe, akabadilisha hostname, yaani anwani ya seva, basi. Hilo nalipenda mno, maana hesabu ya riziki ya mtu haifai kutegemea mlango mmoja.

Ila getDifficultyAdjustment inaeleza mtandao mzima, si mashine zako. Kasi ya mashine za binamu bado naichukua kwa kikundi chake cha uchimbaji.

Jumamosi iliyopita skrini ilionyesha ugumu unashuka kwa asilimia mbili. Binamu hakupiga simu. Alinitumia picha ya kibanda, taa za mashine zote sita zikiwaka.