Mafundi wa umidite (unyevu) chini ya sakafu: nawapa nyota 4 kwa 5

Niko Bukavu, Muhumba, mu nyumba ya zamani ya wakati wa Wabelgiji, sakafu ni mbao na chini yake kuko nafasi ya kama sentimita 60, mtu anapita kwa tumbo tu. Tangu mvua ya Septemba harufu ilikuwa inapanda mu chumba ya watoto, nguo mu kabati zinaota ukungu, na ubao karibu na mlango ukaanza kubonyea kama mkate. Mama mkwe akasema ni panya imekufa. Panya gani inanuka miezi mitatu?

Kwanza niliuziwa mashine ya kunyonya unyevu mu duka moja hapa mjini, dola 220, nikaisukuma kule chini. Sasa ile kitu inataka umeme, na umeme wa kwetu mnaujua, unakuja saa sita ya usiku saa kumi umeshaenda, na hata siku umeme uko inajaza ndoo leo na kesho inajaza tena ju udongo wenyewe uko maji tu, ni kama unaanika nguo na mtu ako nyuma anazimwagia.

Jirani njo akaniletea hawa mafundi, mzee na vijana wawili. Mzee hakuingia chini. Alizunguka nyumba akiangalia paa, akasimama pale gutiere (mufereji wa maji ya paa) ya nyuma imeoza, akasema "Papa, maji yako njo hii." Akanipigia hesabu: milimita moja ya mvua ku mita mraba moja ni litre moja, ule upande wa paa ni kama mita mraba 60, basi mvua ya milimita 20 inaleta litre 1,200, mapipa sita, na yote yalikuwa yanashuka ku msingi. Na huku si Goma ambako maji yanapotelea mu mawe ya volkano, huku ni udongo mwekundu, unashika maji kama deni.

Walifanya siku mbili: gutiere mpya, mufereji upande wa mlima, halafu chini wakatoa vipande vya mbao na makarton yote (muswa, wale wadudu wa kula mbao, walikuwa wameshaanza). Usiku wa kwanza mzee alitandika kipande cha plastiki ku udongo, asubuhi akakigeuza, matone matupu, ule njo mvuke uliokuwa unapanda ku mbao zangu kila siku. Kisha plastiki nene ya milimita 0.2 pote, vipande vinapandana sentimita 30, skochi ku maungio, na pembeni inapanda ukuta kidogo. Matundu ya hewa, yale wapangaji wa zamani walikuwa wameziba ju ya panya, waliyafungua wakaweka waya.

Hapo kijana wangu akaleta ubishi, eti amesoma Marekani siku hizi wanayaziba. Ni kweli, kule kusini kwao, ila wale wako na klima (mashine ya kupoza hewa) ndani, hewa ya joto yenye unyevu ikigusa sakafu ya baridi inatoa jasho kama chupa ya bia ya Primus imetoka mu frigo. Mu nyumba yangu klima iko wapi? Matundu yabaki wazi.

Sasa ile nyota moja. Watu wamekuja kupigana na maji, halafu mbao mbili walizobadilisha wakaweka za mti mbichi! Wiki tatu zimepita zimejikunja, kidole kinapita katikati, mtoto ameshaangusha kalamu zake zote humo. Niliwapigia, wakarudi bila kelele wakabadilisha moja, ya pili bado tunangoja ikauke. Jumla dola 310, gutiere ndani yake.

Harufu imeisha, imebaki kidogo tu nyuma ya kabati. Na mashine iko, karibu mpya, mwenye umeme wa kutosha anitafute tuongee bei.