Mifumo mitano ya kuwasaidia wasiosikia vizuri: ukumbi, kanisa au msikiti wenu ununue upi?

Kamati nyingi huanza na bei. Anzeni na swali jingine: watu wenu wana nini masikioni? Uingereza, mzee mwenye usikivu hafifu mara nyingi ana shimesikio (kifaa cha kuvaa sikioni cha kukuza sauti) lenye telekoili, kijikoili cha waya kinachonasa sauti kwa njia ya sumaku. Kwetu mzee huyo anawahi kiti cha mbele na kutega sikio. Shimesikio hana, na hata akiwa nalo, huenda hakuna aliyemwashia hiyo telekoili. Ndiyo maana mpangilio wangu unatofautiana na ule wa Ulaya.

Na msinunue spika nyingine. Sauti kubwa ikigonga kuta na mabati inazaa mwangwi, na mwangwi ndio unaomeza maneno. Mifumo hii huchukua sauti kwenye miksa na kuifikisha sikioni moja kwa moja.

1. Redio (FM)
Kwa kumbi nyingi za kwetu, huu ndio wa kununua. Kirushio kimoja kinachomekwa kwenye miksa, na msikilizaji anapewa kipokeo cha kutosha kiganjani pamoja na hedifoni. Hamchimbi sakafu, na mkihamia kwenye turubai mnahama nao. Ukiwa na chaneli ya pili unabeba tafsiri pia: mkalimani anakaa nyuma na maiki yake, na mahubiri hayasemwi tena mara mbili.

Mtego ni masafa ya mawimbi ya redio. Vifaa vya 72 hadi 76 MHz vinavyouzwa mtandaoni vimeundwa kwa kufuata sheria za Marekani. Vya Ulaya vingi viko kati ya 863 na 865 MHz. Kabla ya kuagiza, ulizeni TCRA kama mko Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kama mko Kenya. Chagueni vipokeo vinavyokuja na sanduku la kuchajia, la sivyo fedha ya betri itagombaniwa kila mwezi.

Vipokeo vingapi? Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vinataka 2 kwa ukumbi wa watu wasiozidi 50, kisha kimoja zaidi kwa kila viti 25 vya ziada mpaka viti 200. Kwa hiyo ukumbi wa viti 200 unahitaji 8. Angalau 2 kati ya hivyo viwe na kitanzi cha kuvaa shingoni, kwa ajili ya mwenye telekoili asilazimike kuvua shimesikio.

2. Lupu ya sumaku
Ni waya unaozungushwa ukumbini na kurusha sauti kwa sumaku hadi kwenye telekoili. Ikifungwa vizuri hakuna inayoishinda: mtu anaingia, anabonyeza shimesikio kwenye T (ya telekoili), anasikia. Hapangi foleni ya kuomba kifaa, wala hajulikani. Teksi nyeusi za London zinayo.

Tatizo ni ufungaji. Nondo za sakafuni hula nguvu ya sumaku, hasa sauti nyembamba zinazobeba herufi kama s na f. Waya za umeme zilizofungwa ovyo huleta mngurumo usioisha. Halafu kuna magita: gita la umeme linanasa lupu kama shimesikio linavyonasa, na kwaya nzima itabaki inashangaa mlio unatoka wapi. Fundi apime kwa kiwango cha kimataifa cha lupu, IEC 60118-4, kabla zege halijamwagwa. Asiyekijua kiwango hicho msimpe kazi. Kwa dirisha la tiketi au meza ya mapokezi, lupu ndogo ni nafuu na inatosha.

3. Infraredi
Hii hurusha sauti kwa mwanga usioonekana kwa macho. Ni ya mahakama na vyumba vya vikao, kwa kuwa mwanga wake haupenyi ukuta na siri inabaki ndani. Jua kali huuvuruga. Ukumbi wenye madirisha makubwa upande wa magharibi, sahauni.

4. Auracast
Ni Bluetooth ya kurusha sauti kwa watu wengi kwa wakati mmoja, iliyotangazwa mwaka 2022. Naamini baadaye itakuwa ya kwanza kwenye orodha hii. Kwa sasa inataka simu au mashimesikio mapya, na bibi yangu anatumia simu ya tochi. Mkijenga upya, acheni nafasi ya kirushio chake.

5. Wi-Fi na simu ya msikilizaji
Bei inavutia. Lakini sauti inaweza kuchelewa, mdomo wa msemaji ukawa umeshafungwa wakati neno ndiyo kwanza linafika. Chaji nayo ikiisha katikati ya khutba, basi.

Muuzaji yeyote atawaonyesha mfumo wake ukumbi ukiwa mtupu na kimya. Zuieni salio la malipo mpaka siku ya mvua, mvua ya kweli juu ya mabati, kisha mkalisheni yule mzee wa kiti cha mbele safu ya mwisho na mmwombe arudie alichosikia.