Bio-Oss na Bio-Gide kwa kuongeza mfupa wa taya: zinafaa wapi, na wapi si lazima

Kwa kushika umbo la taya, chembe za Bio-Oss, zinazotokana na mfupa wa ng'ombe, zinaifanya kazi hiyo vizuri kuliko karibu kila kitu kingine kinachouzwa ndani ya kichupa. Kwa kuotesha mfupa, zenyewe hazioteshi. Lawama nyingi zinazoiangukia bidhaa hii, na sifa nyingi inazopewa kupita kiasi, zinatokana na kuchanganya mambo hayo mawili. Mwenzake ni Bio-Gide, utando wa kolajeni unaolazwa juu ya chembe kabla ufizi haujashonwa. Zote mbili ni za kampuni ya Geistlich ya Uswisi, na ziko sokoni kwa muda mrefu kiasi kwamba bidhaa mpya za aina yake hupimwa kwa kulinganishwa nazo.

Shida huanza siku jino linapong'olewa. Kwenye meno ya mbele, ukuta wa nje wa tundu mara nyingi haufikii hata 1 mm kwa unene, na sehemu yake kubwa ilikuwepo kwa ajili ya jino tu. Jino likiondoka na nyuzi zake, ukuta ule hukosa damu ukayeyuka. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2012 yalikuta kwamba ndani ya miezi 6 upana wa taya hupungua kwa asilimia 29 hadi 63, na kimo kwa asilimia 11 hadi 22. Sasa piga hesabu: kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayobeba jino la bandia, cha kipenyo cha 4 mm kinataka angalau 1.5 mm za mfupa upande wa ndani na karibu 2 mm upande wa nje. Hiyo ni 7.5 mm. Taya lililobakiwa na 5 mm litapokea skrubu, ndiyo, lakini ukuta wa nje utabaki mwembamba kama ule uliokwisha kuyeyuka, na miaka michache baadaye ufizi utashuka na titani kuanza kuonekana.

Kilichomo ndani ya kichupa ni mfupa wa ng'ombe uliosafishwa kwa joto kali na kemikali hadi protini yote ikatoka. Yanabaki madini peke yake, pamoja na vitundu vidogo vya mfupa wa asili. Kuna saizi mbili za chembe: ndogo za 0.25 hadi 1 mm, na kubwa za 1 hadi 2 mm. Ndogo ni za tundu la jino na kuzunguka kipandikizi. Kubwa zinafaa zaidi pale panapohitaji kujazwa kwa wingi, kwa sababu nafasi kati ya chembe ni pana na mishipa ya damu hupenya kwa urahisi. Kichupa cha gramu 0.25 za chembe ndogo kinajaza takriban mililita 0.5. Kwa ukuta uliopungua kwenye jino moja, gramu 0.25 hadi 0.5 kwa kawaida hutosha. Sinasi, chumba cha hewa ndani ya taya la juu, inaweza kumeza gramu 2. Kufungua kichupa kikubwa kwa kazi ndogo ni hasara tupu: kinachobaki hakirudishwi kabatini wala hakitumiki kwa mgonjwa mwingine, hata kama kinaonekana hakijaguswa.

Chembe zikishakuwa ndani, kazi yake ni kama ya jukwaa la mafundi: zinasimama, na chembe hai za mwili zinapanda juu yake. Mfupa mpya unatoka kwenye kuta za mfupa zilizobaki na kwenye damu iliyoganda, si kwenye kichupa. Ukichukua kipande baada ya miezi 6 na kukitazama kwa hadubini, mara nyingi utaona robo hadi theluthi ni mfupa mpya, kiasi kinachokaribiana na hicho ni chembe zenyewe, na sehemu iliyobaki ni uboho na tishu laini. Chembe hizo hazina haraka ya kuondoka; huonekana bado zipo hata baada ya miaka mingi. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa kasoro. Mbele ya mdomo, ambako kila nusu milimita inaonekana mtu anapotabasamu, ni faida: kinachoshika ufizi wa nje usizame ni zile chembe zilizokataa kuyeyuka. Nyuma kwenye gego, ambako kuta nne za tundu zote ziko imara, faida hiyo inapungua, na daktari ataishia kutoboa kwenye mchanganyiko ambao sehemu yake si mfupa hai. Hapo kuna mtego. Mashine inaweza kusoma nguvu ya kukaza ya 35 Ncm wakati mfupa unaogusana na titani ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, kwa hiyo usikimbilie kuweka jino la bandia juu ya kipandikizi siku hiyohiyo.

Bio-Gide inatengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Hili mgonjwa aambiwe kabla, kwa maneno yanayoeleweka, kama ambavyo aambiwe kuwa chembe ni za ng'ombe. Kuna watu ambao kwa imani yao au kwa uchaguzi wao hawatakubali, na si haki wajue baadaye kwa kusoma karatasi ya risiti. Utando una pande mbili: upande laini unatazama ufizi, upande wenye vinyweleo unatazama mfupa. Ukatwe ukiwa mkavu, uvuke ukingo wa sehemu iliyojazwa kwa 2 hadi 3 mm kila upande, ndipo uloane. Ukishaloana unalala na kushika vizuri mno, na hiyo ndiyo raha ya kufanya nao kazi. Udhaifu wake uko hapohapo: hauna uti wa mgongo. Pengo lililo ndani ya kuta za mfupa litatunzwa vizuri. Pengo linalotaka mfupa uongezeke kwenda juu, nje ya kuta, halitashikwa na utando huu, hata ukiwekwa tabaka mbili. Kwa kazi ya kimo unatakiwa utando wa plastiki nzito ya PTFE wenye fremu ya titani, wavu wa titani, au vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe vilivyofungwa kwa skrubu.

Mbinu ya mikono ndiyo inayoamua, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ufizi ukishainuliwa, tishu laini zote zikwanguliwe hadi mfupa uwe mtupu; kipande kidogo cha chembechembe za uvimbe wa zamani kikiachwa ndani kinatosha kuleta usaha. Mfupa mgumu wa juu utobolewe vitundu kwa bari ndogo (ncha ya kutobolea) huku maji yakimiminwa, hadi damu itoke, la sivyo chembe zitakaa juu ya mfupa usio na cha kuzilisha. Chembe zilowekwe kwa salaini au kwa damu ya mgonjwa. Ukuta wa nje ukiwa umekwisha kabisa, changanya nusu kwa nusu na mfupa wa mgonjwa uliokwanguliwa jirani, huo ukigusa kipandikizi na Bio-Oss ikikaa nje. Kukwangua huko kunachukua dakika chache na hakuna kichupa kinachoweza kukifanya kinachofanywa na mfupa hai.

Kisha usishindilie. Mkono unataka kukandamiza ili ijae vizuri, na picha ya siku ile itapendeza, lakini chembe zilizobanana haziachi njia ya damu. Mwisho wake ni chembe zilizofungwa ndani ya kovu: ukifungua baada ya miezi 6 zinatoka kwa kijiko.

Kosa la pili linalojirudia ni kushona ufizi unaovutwa. Umeongeza ujazo chini yake, kwa hiyo hautafika ng'ambo kama ulivyokuwa ukifika. Dawa ni kukata periosti, ile ngozi ngumu inayofunika mfupa, kwa mstari mmoja usio na kina upande wa ndani wa kifuniko cha ufizi, hadi kingo zipandane zenyewe bila kuvutwa na uzi. Eneo la magego madogo ya taya la chini linahitaji hadhari, maana neva ya kidevu inatokea pale. Hata ufizi ukifika vizuri, mgandamizo wa mshono husukuma chembe kushuka kutoka kwenye ukingo wa juu, mahali hasa palipohitaji unene. Pini ndogo za titani za kuubana utando zinapunguza sana tatizo hili. Anayetumia chembe na utando bila pini kwenye ukuta ulioanguka asishangae kukuta upana mzuri chini na mwembamba juu.

Kwenye sinasi nina maneno mazuri tu kuhusu Bio-Oss. Chumba cha hewa kilicho juu ya magego ya taya la juu hutanuka meno yakiondoka, na mfupa uliobaki unaweza kuwa 3 mm tu. Ukiwa 5 mm au zaidi, mara nyingi sakafu inaweza kuinuliwa kupitia tundu lilelile la kipandikizi. Ukipungua chini ya hapo, njia ya kawaida ni kufungua dirisha ubavuni. Pumzi husukuma sakafu hiyo kila wakati, na kitu kinachoyeyuka haraka hurudi chini pamoja nayo. Chembe za ng'ombe husimama. Tatizo linaloongoza ni kutoboka kwa ngozi nyembamba ya sinasi wakati wa kuinua. Tundu dogo linazibwa kwa kipande cha Bio-Gide na kazi inaendelea. Likiwa kubwa, busara ni kufunga na kurudi baada ya miezi kadhaa, kwa sababu chembe zikizagaa ndani ya sinasi zinaleta maambukizi magumu. Mgonjwa asipenge kamasi kwa takriban wiki 2, na akipiga chafya afungue mdomo. Kipandikizi kisubiri miezi 6 hadi 9.

Washindani wapo, na wengine wanashinda. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kutoka nyuma ya taya la chini au kidevuni, ndio pekee unaokuja na chembe hai; gharama yake ni kidonda cha pili, na kidevuni kuna hatari ya ganzi ya kudumu kwenye meno ya mbele. Mfupa wa binadamu kutoka benki ya tishu hugeuka kuwa mfupa wa mgonjwa kwa kasi zaidi, na kwa tundu la gego lenye kuta kamili ningeuchagua kabla ya Bio-Oss, mpango ukiwa ni kutoboa baada ya miezi 4. Unga wa maabara wa trikalsiamu fosfeti ni jibu kwa asiyetaka chochote cha mnyama wala cha binadamu. Unayeyuka mapema zaidi, basi ratiba ifuatwe, usiachwe mwaka mzima. PRF, ile fibrini inayotolewa kwenye damu ya mgonjwa kwa mashine ya kuzungusha, inasaidia ufizi kupona na kuzishikanisha chembe zisitawanyike. Kuiuza kama mbadala wa mfupa ni kutia chumvi.

Kuna pia wasiohitaji lolote kati ya haya. Kipandikizi kikiwekwa siku ya kung'oa, ukuta wa nje ukiwa mzima na nafasi kati yake na titani ikiwa chini ya 2 mm, damu iliyoganda mara nyingi inaziba yenyewe. Nyuma, kipandikizi kifupi kinaweza kumwepusha mgonjwa na upasuaji wa sinasi. Swali la kwanza kwa daktari liwe vipimo vya picha ya CBCT, eksirei ya pande tatu, kwa milimita, kwa sababu picha ya kawaida ya bapa haionyeshi upana kabisa. Aliyepigwa mionzi ya saratani kwenye taya, au anayechomwa asidi ya zoledroniki au denosumabu, asikatwe mfupa kabla madaktari wake hawajazungumza wenyewe kwa wenyewe. Taya linaweza kufa. Kisukari kisichodhibitiwa kinaahirisha kazi. Sigara nayo: moshi unabana mishipa midogo ya ufizi, na utando ukifunuka kwa mvutaji, kolajeni huyeyushwa na bakteria ndani ya muda mfupi, chembe zikafuata.

Baada ya upasuaji uvimbe hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Chembe mbili tatu kuonekana ulimini siku za mwanzo si balaa. Usaha, harufu, au uvimbe unaorudi baada ya wiki ni sababu ya kupiga simu siku hiyohiyo. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yasiguse eneo lile hata kidogo. Yanaharibu kazi nzuri kuliko chakula kigumu, kwa sababu yanasugua mchana kutwa na mgonjwa hahisi maumivu.

Kila kichupa na kila pakiti ya utando huja na stika yenye namba ya toleo. Moja inabandikwa kwenye faili. Omba nyingine ubaki nayo, pamoja na jina la kipandikizi na kipenyo chake, maana daktari atakayekifungua kinywa hicho miaka mingi baadaye ataona chembe nyeupe kwenye picha na atahitaji kujua ni za nini.