Whitney Houston, The Greatest Hits (2000): CD moja dhahabu, ya pili mbuzi kwenye gunia

Haya, karibuni tena. Leo mezani ni mkusanyiko wa Whitney Houston wa mwaka 2000, CD mbili. Tuzo na mauzo sirudii, mnayajua kuliko mimi. Naanza na kinachokera.

CD ya kwanza, Cool Down, ni ya nyimbo za taratibu, na zimewekwa kama tulivyozizoea. Ya pili, Throw Down, ndiyo ya kuchezeka. Unaiweka, unasubiri "I Wanna Dance with Somebody", halafu inatoka remiksi, yaani toleo lililochanganywa upya, ya DJ wa klabu Junior Vasquez! "How Will I Know" nayo remiksi. "So Emotional" remiksi. Hizo zote tatu zilishika namba moja Marekani, na toleo lililozipeleka huko halimo humu. Geuza kasha, soma orodha kwa nyuma: kila unapoona neno "Mix" pembeni ya jina la wimbo, hapo ndipo umebadilishiwa.

Ngoja niwaonyeshe tofauti. Hii ni "I Wanna Dance with Somebody" ya 1987, sikilizeni besi ya sinthesaiza na zile tarumbeta zinavyojibizana na sauti. Sasa subirini kiitikio cha mwishoni... hapo! Wimbo mzima umepanda ufunguo, na Whitney anapanda nao bila kukaza koo. Narudisha tena, msikilize pumzi: anaivuta kabla ya mstari, siyo katikati ya neno. Wimbo umejengwa kama ngazi ili ufike pale. Sasa naweka ya CD hii. Sauti ni ileile, lakini imenyofolewa kwenye muziki wake na kubandikwa juu ya ngoma ya klabu inayogonga mapigo sawasawa, pa, pa, pa, pa. Kwenye klabu saa nane usiku inafaa kabisa. Kama ulitaka wimbo ulioukariri, umeuziwa kitu kingine.

Swali ni kwa nini walifanya hivi. Jibu liko kwenye namna watu walivyompokea huyu mama, maana mapokezi yake hayakuwa mstari mnyoofu. Kuanzia 1985 hadi 1988 alitoa nyimbo saba mfululizo zilizoshika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, akawapita Beatles na Bee Gees waliokuwa na sita mfululizo kila kundi. Wakati huohuo sehemu ya wasikilizaji weusi wa Marekani ilikuwa inanung'unika kwamba amelainishwa mno ili awapendeze wazungu. Mwaka 1989, kwenye Soul Train Music Awards, tuzo za muziki wa weusi Marekani, jina lake lilitajwa kati ya wanaowania tuzo, akazomewa ukumbini. Albamu ya 1990 akaifanya na L.A. Reid na Babyface, watayarishaji wa R&B, muziki wa weusi wa Marekani, na ukiisikiliza leo unasikia wazi kwamba ile zomeazomea ilikuwa imefika.

Januari 1991, Tampa, akaimba wimbo wa taifa kwenye Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani. Wimbo ule kwa kawaida huenda kwa mapigo matatu. Whitney na timu yake waliuweka kwenye mapigo manne, akapata nafasi ya kuvuta maneno. Ulitolewa kama singo, na ulipotolewa upya baada ya Septemba 2001 ukafika namba sita. Mwaka 1992 ndiyo "I Will Always Love You", wimbo wa Dolly Parton, wiki 14 namba moja. Huu uko CD ya kwanza, na hapa mkusanyiko unajikomboa. Weka spika nzuri: mwanzo hakuna ala hata moja kwa karibu sekunde 45, halafu kwenye dakika ya tatu muziki unakatika, kimya, pigo moja la ngoma, sauti inalipuka. Kwenye spika ya simu lile pigo linakuwa tapu tu. Msimlaumu Whitney, spika ndiyo mbovu.

Sasa 1998, albamu ya My Love Is Your Love, akiwa na watayarishaji Rodney Jerkins, Wyclef Jean na Missy Elliott. Redio za R&B zikampokea, na klabu zikamchukua kupitia remiksi ya Thunderpuss, watayarishaji wawili wa muziki wa klabu, ya "It's Not Right but It's Okay". Na hapa naomba radhi kidogo kwa nilivyoanza, maana remiksi hii moja naipenda kuliko toleo la albamu. Ile hasira ya mashairi ilihitaji mwendo wa kasi. Kwa hiyo mwaka 2000 kampuni ilitazama mashabiki wapya wa klabu ikawapikia CD nzima, ikamsahau aliyenunua kaseti 1987. Wangeongeza CD ya tatu, kesi ingeisha.

Kwa kulinganisha, #1's ya Mariah Carey ya 1998 ni CD moja na imetulia zaidi, ingawa nako "Fantasy" wameweka remiksi yenye rapa Ol' Dirty Bastard. Mimi sikatai. Video ya Mariah inakuja, aliyeiomba kwenye maoni nimemwona.

Nirudi. Ziara ya 2010 sauti ilikuwa imechoka, na Australia watu walitoka ukumbini kabla ya mwisho. Alifariki Februari 2012, na wengi waliomcheka wakarudi kusikiliza. Mwaka 2019 Kygo, DJ wa Norwei, akachukua sauti aliyoirekodi kwa "Higher Love", iliyokuwa nyongeza kwenye toleo la Japani la albamu ya 1990, akaitengenezea biti mpya, ikapenya chati. Remiksi tena! Ila hiyo haikumnyang'anya mtu wimbo aliokuwa nao.

Bei: ukiikuta iliyotumika, lipa ya CD moja, maana ya kwanza ndiyo utakayoirudia. Fungua kasha kabla ya kulipa, kile kishikio cha katikati cha makasha ya CD mbili huvunjika meno, CD inatembea humo ndani na kukwaruzika. Iinamishe kwenye mwanga: mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi husomeka, ile inayozunguka na mstari wa muziki ndiyo inayorukisha. Ukitaka matoleo halisi, tafuta The Ultimate Collection ya 2007. Bonyezeni kengele, Mariah ni Alhamisi.