Uzoefu wangu na kolonoskopi: kinyama changu cha utumboni kilikutwa na mfupa ndani

Nilifanyiwa kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia utumbo mpana kwa kamera, Dar es Salaam baada ya kuona damu chooni kwa miezi 2. Nilidhani ni bawasiri, nikawa napaka dawa kimya kimya mpaka dada yangu alipogundua akanipeleka mwenyewe.

Kazi ni maandalizi, si kipimo. Lita 4 za dawa ya kusafisha utumbo, nusu jioni, nusu alfajiri, na ladha ya chumvi inayoganda ulimini. Iwekeni kwenye friji, ikiwa baridi inanyweka. Kipimo chenyewe sikukisikia: nilichomwa sindano ya usingizi, nikaamka muuguzi akiniambia, “Pole mama, tumeshamaliza.” Walikuta kinyama (polipu, kiuvimbe kinachoota ndani ya utumbo) chenye kikonyo kwenye puru, mwisho wa utumbo mpana, milimita 12, wakakikata palepale kwa kitanzi cha waya na kukipeleka maabara. Hapo sina lawama hata moja.

Walikoniangusha ni kwenye majibu. Nilisubiri wiki 3, halafu nikapewa bahasha pale mapokezi, daktari wa kunisomea hakuna. Ndani imeandikwa adenoma, yaani kinyama ambacho si saratani ila kikiachwa kinaweza kugeuka saratani, na chini yake kwamba kumeonekana tishu ya mfupa. Mfupa, kwenye utumbo! Usiku ule sikulala. Nilishajihukumu kuwa ni saratani, tena imefika kwenye mifupa.

Asubuhi nilirudi nikakaa kwenye benchi mpaka nikaonana na daktari wa patholojia, yule anayechunguza vinyama maabara. Akanisogezea hadubini. Katikati ya vitezi vya zambarau palikuwa na kipande cha rangi ya waridi, kama ukucha uliokatwa, kina vidoti vya seli ndani yake. “Mfupa wenyewe ndio huu, mama.” Akaniambia hutokea mara chache sana na wenyewe si saratani. Inadhaniwa kwamba kinyama kikivuja damu na kuvimba kwa muda mrefu, baadhi ya seli za tishu inayokishikilia hugeuka zikaanza kujenga mfupa. Matibabu ni yale yale, kukiondoa, na changu kilishaondolewa chote. Tarehe ya kurudi inatokana na adenoma na ukubwa wake, si mfupa. Nimepangiwa kurudi baada ya miaka 3.

Maelezo hayo hayakuzidi dakika 10. Nilistahili kuyapata siku ile ile ya bahasha. Kabla hujalipia kipimo hiki, uliza mambo mawili: kinyama kikikatwa kitapelekwa maabara, na majibu utasomewa na nani.