Tuisheni ya SAT Mjini Unguja: hesabu ni nzuri, ushauri wa vyuo umepitwa na wakati

Mwanangu amesoma miezi minne katika kituo kimoja cha tuisheni hapa Mjini kinachowaandaa vijana wa kidato cha tano na cha sita kwa mtihani wa SAT, ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani huutumia kuwapima waombaji. Kwa upande wa hesabu nakisifu bila ya kusita. Kila swali alilokosa, kijana hulinakili katika daftari la makosa na kuandika pembeni, kwa wino mwekundu, sababu ya kukosa. Wiki inayofuata mwalimu humsimamisha ubaoni alifanye upya bila ya kulitazama daftari. Kiingereza hakikupewa uangalifu huo. Walisomeshwa vifungu virefu kutoka vitabu vya zamani, ilhali mtihani wa sasa, unaofanywa kwa kompyuta kwa saa 2 na dakika 14, una vifungu vifupi, kila kimoja na swali lake moja.

Kasoro iliyoniuma hasa imo katika ushauri wa maombi. Mwanangu alipata 1410 kati ya 1600, na mshauri akamwambia asizitume alama hizo kwa kuwa hazikufika 1500, huku akimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani yenye orodha ya vyuo visivyolazimisha mtihani. Orodha ile ni ya miaka ya korona. Harvard, Dartmouth na Brown vimo, na vyote vitatu vilitangaza mwaka 2024 kwamba vinaudai tena. MIT, chuo cha teknolojia cha huko huko Marekani, kilikwisharejea kuudai tangu 2022.

Hata pale chuo kinapomwachia mwombaji hiari, kuficha alama si jambo la kuamuliwa kwa namba moja ya kukariri. Utafiti uliofanywa Dartmouth kwenyewe ulionesha kuwa waombaji wenye hali duni walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwani chuo huzisoma kwa kuzingatia skuli na mazingira aliyotoka mtu. Mtoto wa skuli ya serikali ya Unguja au Pemba, ambayo mchaguzi wa kule hajapata kuisikia, anakihitaji zaidi kipimo kinachofahamika pande zote mbili, ingawa insha, barua za walimu na matokeo ya skuli hutazamwa pamoja nacho.

Nilimweleza mkuu wa kituo haya yote, naye akanisikiliza kwa adabu. Alhamisi iliyofuata karatasi ilikuwa ingali ukutani. Alama za mwanangu tumezituma. Wazazi wenzangu, mpelekeni mtoto pale kwa ajili ya hesabu, na masharti ya kila chuo yasomeni wenyewe katika tovuti yake.