Kikapu cha Kilao cha wali wa kunata: nimekitumia miezi 8

Nimelelewa Pangani na bibi aliyekuwa akisuka mikeka, makawa na vifumbu vya kuuza, na mpaka leo nikiona kitu kilichosukwa lazima nikigeuze nikikague kitako. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa tisa mwaka jana. Nimetoka zamu ya usiku, nimepitia duka la vyakula la Kilao, yaani la watu wa Laos, hapa Brooklyn Park, Minnesota, kutafuta mchaichai, nikaona vikapu vya mwanzi vimepangwa juu ya rafu. Vingine mfano wa kawa lililopinduliwa, ncha chini. Vingine vya duara, vina kifuniko, miguu ya mti na kamba ya kuning'iniza begani.

Mwenye duka, mama wa miaka sabini na kitu, aliniona nikivigeuza. Hakuniuliza natafuta nini. Aliniuliza nani kanifundisha kuangalia kitako. Tangu siku hiyo namwita Pa, kama Walao wanavyomwita shangazi au mama mkubwa, naye ananiita luk, mwanangu.

Nilinunua vitu vitatu. Sufuria ya alumini yenye shingo nyembamba, dola 14. Huat, lile kawa la mwanzi linalokaa mdomoni mwa sufuria, dola 9. Na tip khao, kikapu chenye kifuniko cha kuwekea wali ulioiva, dola 19.

Mchele wake wa kunata, khao niao, si wa kuchemsha. Ukiuchemsha kama wa kwetu unapata gundi. Unauloweka usiku kucha, unauosha, unaumimina kwenye huat na kuufunika, kisha mvuke wa sufuria unaupitia kwa dakika kama 25. Katikati unaurusha wali wote mara moja, wa juu uende chini. Mimi jambo hili lilinichukua siku moja kulijua, maana mkono uliozoea ungo haujifunzi tena. Ukiiva unaumwaga kwenye ubao, unautandaza kwa mwiko mvuke wa kwanza utoke, ndipo unauweka kwenye tip khao.

Hapa ndipo kikapu kilipolipa bei yake. Nilijaribu wali uleule, nusu kwenye hotpoti yangu ya plastiki, nusu kwenye tip khao. Baada ya saa moja wa hotpoti ulikuwa umetoka jasho, chini majimaji. Wa kikapuni ulibaki laini, punje zimeshikana lakini hazijalowana, na nilipoula kazini saa 6 mchana ulikuwa bado unakubali kufanywa tonge. Mwanzi wake umesukwa tabaka mbili, kwa hiyo unapumua. Na hauliwi kwa kijiko. Unachukua tonge kwa vidole, unalikanda kidogo, unachovya kwenye jaew, pilipili yao ya kuchoma. Mtu wa ugali hahitaji somo. Jaew bong ya Luang Prabang, mji wa kaskazini mwa Laos, hutiwa ngozi ya nyati maji. Pa hunitengea yangu isiyo na ngozi, bila mimi kumkumbusha.

Kasoro zipo. Sufuria ni nyepesi mno, imebonyea wiki ya pili. Mti wa miguu ya tip khao umepigiwa msumari uliotokeza ncha, ulinichana kidole, nikaugonga mwenyewe. Na hakuna karatasi yoyote ya maelezo. Huat mpya ina harufu ya mwanzi mbichi. Ichemshe kwanza kwenye maji matupu. Usiivundike kabatini ikiwa bado imelowana, utaikuta na ukungu kama yangu ya kwanza.

Lakini maelezo anayo Pa, na ndiyo sababu nasema nunueni kwake, msiagize mtandaoni. Yeye ni mtoto wa Luang Prabang. Anasema mama yake aliamka saa 10 usiku kupika wali, kwa sababu kabla jua halijatoka watawa wa Kibudha hupita barabarani kwa mstari, miguu mitupu, kila mmoja na bakuli lake. Wanawake wamepiga magoti kando ya njia, kitambaa kimepita begani, tip khao iko mbele yao, wanachota tonge dogo na kulitia katika kila bakuli. Hapana maneno. Pa alikuwa na miaka sita alipopewa kikapu chake mwenyewe, na tonge zake zilikuwa kubwa kupita kiasi, wali ukamwishia watawa hawajaisha. Alilia. Alinionyesha kwa vidole kipimo alichofundishwa na mama yake siku ile: kama ndimu changa.

Mwaka 1979 alivuka mto Mekong usiku kwenda Nong Khai, Thailand, na kitu alichobeba begani kilikuwa tip khao iliyojaa. Wali huu unaliwa baridi, hauhitaji moto wala sahani. Yeye na wenzake waliula siku mbili. Kikapu kile anacho mpaka leo, kimekuwa cheusi kama mkaa, kiko juu ya friji ya duka na hakiuzwi. Tena anakataza kuacha kifuniko wazi baada ya kula. Kwao husemwa nyumba itavunjika, mume na mke wataachana. Mimi nafunika.

Mwezi wa tatu nilipigiwa simu kwamba mama yangu kalazwa Tanga. Nilikwenda dukani kumuaga Pa. Akanishika mkono, akaniwekea tonge la wali kiganjani, akanifunga uzi mweupe wa pamba kwenye kifundo cha mkono huku akisema maneno ya Kilao polepole. Walao wanaamini mtu ana khwan 32, roho zinazomlinda mwilini, na safari au hofu huzitawanya. Uzi ni wa kuzirudisha na kuzifunga. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, dua yangu naisoma mwenyewe. Akasema isome, huu ni uzi wa mama tu. Nilikaa nao siku tatu kama alivyoniagiza, nikaufungua kwa mkono, bila kuukata. Nilikuwa nimeshafika, nimekaa pembeni mwa kitanda cha mama. Aliuona, akauliza ni nani huko kwenu anayekufunga uzi.

Mama amepona. Ameomba huat moja, anasema itamfaa kwa vitumbua. Nimemwambia haifai kwa vitumbua, hasikii.

Duka hufungwa siku za Pi Mai, mwaka mpya wao, katikati ya Aprili. Mkienda, ombeni tip khao ambazo miguu yake imefungwa kwa kamba ya mwanzi badala ya misumari. Zimewekwa nyuma, chini ya magunia ya mchele, na Pa hazitoi mpaka aulizwe.